Majoho ya Pasaka na Nguo ya Kioo

Harufu ya ile gundi ilifika nyumbani kabla ya baba. Ilikuwa harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, zikakanyagwa, kisha zikamwagiwa mafuta ya taa. Ukiivuta kwa muda, kichwa kinakuwa chepesi na meno yanahisi baridi. Mama aliinusa akiwa jikoni na kusema, "Baba yenu huyo, yuko kwenye kona," na kweli, ugali haujageuzwa mara ya pili, kengele ya baiskeli inalia mlangoni. Tulikaa Tororo, chini ya mwamba mkubwa unaouinamia mji, upande ambao upepo ulituletea vumbi la kiwanda cha saruji. Vumbi lile lilikaa juu ya mabati, juu ya majani ya migomba, juu ya nyusi za wanaume waliotoka zamu, hata mgeni akishuka kwenye treni alidhani mji mzima umeota mvi kwa pamoja. Sisi tulikuwa tumeacha kuliona. Mtu akiingia ndani na vumbi jeupe mabegani, hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Vumbi jeupe lilikuwa saruji, saruji ilikuwa mshahara, na mshahara haukuwa na harufu. Gundi ya baba ndiyo iliyokuwa na harufu, na tangu ilipoingia nyumbani kwetu ndipo nilipoanza kujua namna uso unavyoweza kuwaka moto bila kuwa na homa.

Baba yangu, Ochwo, alikuwa fundi wa viti vya magari. Si makanika; hilo alilisisitiza kwa kila aliyekosea. Makanika, alisema, anahangaika na gari, yeye anahangaika na makalio ya watu, na makalio hayajui kusema uongo. Alishona viti, maturubai ya malori na paa za turubai za magari ya mashamba, kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya duka la vipuri. Miaka ile bendera ilikuwa imebadilishwa juzi tu, shilingi ileile ilitumika huku na ng'ambo ya mpaka, na vijana wenye uwezo walikuwa wameshikwa na wazimu wa mbio za magari. Mmoja wao alikuwa Jayanti, ambaye baba yake alikuwa na jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Jayanti alipata Ford ya zamani, ya tangu kabla ya vita vya Hitler. Akaikata paa ikawa fupi, akaiwekea injini ya gari kubwa la Kimarekani lililopinduka kwenye barabara ya Busia, akaipaka rangi nyekundu ya nyanya. Ikiwashwa kwenye stesheni, kuku wetu walisimama. Nje ilikuwa shetani mtupu, lakini ndani kulikuwa na mabati matupu na kigoda. Siku moja akaja kibandani na pipa dogo, chupa iliyofungwa kwa nta, robota la kitambaa cheupe kinachometameta, na ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la magari. "Fundi," akasema, "mimi taka ndani iwe kama ndege." Baba hakuwahi kupanda ndege. Alikubali palepale.

Kitambaa kile, Jayanti alimweleza, ni kioo kilichosokotwa kikawa uzi, uzi ukafumwa. Unakilaza juu ya umbo, unakipaka ile gundi uliyoichanganya na dawa ya kwenye chupa, kinaganda kinakuwa kigumu kuliko ubao na chepesi kuliko kibuyu. Baba aliyachukua maarifa hayo yote na kuyapa majina ya nyumbani. Gundi akaiita uji, dawa akaiita hamira, maana ukizidisha kidogo uji ulichemka wenyewe bila moto na kutoa moshi. Kilichobaki ni umbo. Mtu mwingine angechonga mbao. Baba aliendesha baiskeli hadi kwa babu, akarudi na gunia la udongo wa kichuguu, akaukanda kama unga wa chapati na kuufinyanga juu ya ubao ukawa dashibodi: mahali pa saa ya mwendo, mahali pa saa ya mafuta, mgongo unaopinda taratibu kuelekea mlangoni kama shingo ya bata. Aliukausha kivulini ili usipasuke, akaulainisha kwa mgongo wa kijiko, akaupaka nta ya sakafu ili uji usishike. Ndipo akalaza nguo ya kioo, tabaka juu ya tabaka, akiigonga kwa brashi kutoa mapovu. Ilipoganda, alivunja ule udongo kwa nyundo na kuusafisha kwa maji, na kilichobaki mikononi mwake kilikuwa gamba, kama kobe ametoka akaacha nyumba. Nilikuwepo. Nilikuwa nimempelekea chakula, na nilisahau kumpa.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya msasa, na msasa ndio uliotuletea mambo. Baba alikwaruza gamba lile wiki nzima lipate kuwa laini, na vumbi lake lilikuwa jeupe, laini, la kawaida kabisa kwa macho ya mtu wa Tororo. Lakini lilipogusa ngozi liliwasha kwa namna ambayo sijapata kuona tena. Si kama mbu, si kama upele. Ni kama mtu asiyeonekana anakuchoma kwa sindano mia kwa adabu. Kila aliyemkumbatia baba alipata fungu lake. Na baba alitupa sheria moja, akiisema kwa Kiswahili chake cha Tororo: "Wee, usikuna! Ukikuna, unasukuma yeye ndani. Kaa tu. Itachoka." Kwa hiyo nilijifunza kukaa. Nilikaa nikiwashwa kwenye shingo, kwapani, nyuma ya magoti, nikiangalia mbele kama askari. Mama alikuwa na dawa yake: tonge la ugali uliopoa, analiviringisha juu ya ngozi polepole, na tonge linaondoka na zile sindano. Kisha anamtupia kuku, na kuku hakulalamika.

Mama yangu, Nabwire, alitoka Busia, upande wa Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi cha kuwaudhi majirani. Walisema anajivuna. Mimi nadhani alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, na hicho alikuwa nacho kweli: alijua kufua nguo nyeupe katika mji wa saruji. Jaribu siku moja. Alikuwa na bluu yake, wanga wake wa muhogo, jani lake la mgomba la kukagulia weupe, na saa zake za kuanika ambazo alizijua kwa upepo. Ndiyo maana kanisa likamkabidhi majoho ya kwaya, baada ya Mama Eseza, mke wa katekista, kuyarudisha miaka miwili mfululizo yakiwa na rangi ya majivu. Mama Eseza alimkabidhi huku akitabasamu kwa meno ya mbele tu. Kwa mwanamke wa ng'ambo, ambaye mumewe aliingia kanisani Pasaka na Krismasi peke yake, majoho yale hayakuwa nguo. Yalikuwa ndiyo ukaribisho wake. Alinifundisha kuyahesabu yanapoingia na kuyahesabu tena yanapotoka, mara mbili kila safari, "ili asije mtu akasema." Tabia hiyo sijaiacha. Hata ukinipa ahsante naihesabu upya.

Nyumba yetu, kama nyumba zote za mtaa ule, ilikuwa na karai moja la kufulia. Na kila mwanamke wa Tororo aliijua kanuni yake: ovaroli ya saruji inakung'utwa kwanza nyuma ya jiko, maana saruji ikilowa inaganda, inafuliwa, halafu unalisugua karai kwa mchanga na kuangalia kama limebaki na lile duara la kijivu ukingoni. Likiwepo, unasugua tena. Lisipokuwepo, karai ni safi, hata la kuogeshea mtoto mchanga. Wiki ya Pasaka mama alikung'uta ovaroli ya baba, akaifua, akalisugua karai, akalielekeza juani na kulikagua. Halikuwa na duara. Kioo hakiachi duara. Kesho yake akafua majoho humo, akayatia wanga mzito wa sikukuu, na wanga ule ukashika kila kisindano kilichokuwa kimelala chini ya karai. Yalipokauka yalikuwa meupe kiasi kwamba mama mwenyewe alisimama mbele ya kamba amejishika kiuno kama mtu anayetazama ng'ombe wake.

Pasaka hiyo nilipewa kuimba ubeti wa pili peke yangu. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Tuliingia kwa mstari, wakubwa nyuma, watoto mbele, na nilisikia wanawake wakinong'ona juu ya weupe wetu. Mama alikuwa amekaa safu ya tatu, ameangalia chini kwa unyenyekevu ambao haukumdanganya mtu. Ubeti wa kwanza ulipofika katikati, sauti ya besi ilipungua mtu mmoja. Halafu wa pili. Niliwasikia nyuma yangu: kwaru, kwaru. Kisha soprano mmoja akaingiza mkono wote ndani ya kola kama anayetafuta kuku. Jasho lilikuwa limelegeza wanga. Mwalimu wa kwaya alikuwa akituongoza kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishughulika mgongoni, na baada ya muda mikono ikabadilishana zamu. Watu wakaanza kucheka, kwanza watoto madirishani, halafu hata waliotakiwa kuwanyamazisha. Nami nilijua. Nilijua kabla ya mtu yeyote katika jengo lile, maana shingo yangu ilikuwa inawaka moto ninaoufahamu kwa jina. Nilifanya nilivyofundishwa nyumbani. Nilisimama wima, mikono ubavuni, nikaangalia mbele, na zamu yangu ilipofika nikaimba ubeti wa pili wote bila kujikuna hata mara moja. Niliamini naliokoa jina letu.

Ibada ilipokwisha, watu hawakwenda nyumbani kula wali. Walisimama uani, wanakwaya wakiwa wamevua majoho na kuyatupa kwenye majani, mikono imejaa mistari myekundu. Na Mama Eseza akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu bei: "Jamani, mbona mtoto wa kwao hakujikuna?" Wote wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo, na nimeuza nguo sokoni maisha yangu yote. "Upupu," mtu akasema. Ule mmea wa unyoya kila mtu aliujua. Ulikuwa ukiota uzio kwa uzio, na wavulana waliutumia kwa adui zao. Neno likazunguka ua mzima: huyu mwanamke wa ng'ambo amewatia wenzake upupu, akamwachia mwanawe joho safi ili aimbe peke yake. Mama alisema hapana. Alisema mara moja tu, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, na kilizidi kuwaudhi. Mzee Yokana, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye haraka ya kumaliza mambo, alimwita mbele na kumwambia aseme ukweli siku ya Bwana aliyefufuka.

Hapo ndipo nilipomwona baba. Alikuwa amesimama nyuma na baiskeli yake, anawatazama watu wanavyojikuna, na usoni mwake kulikuwa na furaha ya fundi aliyetambua kazi yake. Akapanda baiskeli akaondoka, watu wakaguna kwamba amemkimbia mkewe. Alirudi anahema, na kipande cha kile kitambaa kimefungwa kwenye gazeti. "Mzee," akasema, "mke yangu hana kosa. Si upupu. Hii ndiyo ilikuna nyinyi. Hii ni kioo."

"Kioo?" Mzee Yokana akauliza.

"Kioo, mzee. Nguo ya kioo. Natengeneza nayo gari ya Jayanti, ndani."

Ua wote ukaangua kicheko. Wanaume walijishika mbavu. "Ochwo!" mmoja wa wanabesi akapiga kelele. "Nikishona suruali ya hiyo, si watu wataniona mpaka ndani?" "Nipe mita mbili nijitazame nikinyoa!" Baba alitabasamu nao, maana hakujua bado kwamba anachekwa yeye. Ningeweza kuingia chini ya lile rundo la majoho na kuwashwa huko mpaka Krismasi. Ukweli wetu ulikuwa kichekesho kuliko uongo wao wote, na baba aliendelea kuusema, anaurudia, kioo, kioo, anakiinua kitambaa juani kikimetameta. Mwisho akamwomba Mzee Yokana akunje mkono wa kanzu. Akamsugua kwa kitambaa kuanzia kiwiko mpaka kifundo, taratibu, kama nesi. Mzee akasimama na uso wa mtu anayesubiri basi. Kisha kidole kimoja kikaamka. Kisha vyote. Mzee wa kanisa alijikuna mbele ya waumini wake wote, akajikuna mpaka kofia ikaanguka, na hakukuwa na mtu tena uani pale aliyesema upupu.

Baba alimgeukia mama kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini Mama Eseza alikuwa ameokota joho moja majanini, kwa ncha za vidole viwili. "Kwa hiyo, Nabwire," akasema, "majoho ya Bwana yanafuliwa kwenye karai la ovaroli ya gereji." Hakuna aliyecheka. Kila mwanamke pale alikuwa na karai moja nyumbani, na kila mmoja akatazama viatu vyake. Mama angeweza kusema hivyo. Angeweza kuwauliza mmoja mmoja. Alisema, "Ndiyo," akainama, akaanza kuyakusanya.

Njiani baba alikuwa bado anaeleza. Alieleza mpaka tukafika kwenye reli, tukasimama kupisha mabehewa ya saruji, na mama akangoja kelele ziishe. Kisha akasema, bila ukali: "Ungeniacha na upupu wao, Ochwo. Wangeniogopa. Sasa watanicheka." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona baba amekosa jina la kulipatia jambo.

Mama aliyasuuza majoho yale mtoni, si karaini. Akayasuuza tena na tena, akaviringisha matonge ya ugali kwenye kola zote, akajipitishia kila kola shingoni mwake mwenyewe na kukaa nayo kuhakikisha. Akayapiga pasi. Tuliyabeba mimi na yeye mpaka kwa Mama Eseza, tukayahesabu mlangoni mara mbili, na Mama Eseza hakutukaribisha ndani. Siku ya soko iliyofuata mama alinunua karai jipya, la majoho peke yake. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya jiko, mdomo ukutani. Kanisa halikumwita tena, naye hakuuliza. Karai lile lilikaa pale likingoja miaka yote niliyokuwa nyumbani, halikuwahi kuguswa na maji isipokuwa ya mvua, mpaka kutu ikalitoboa.

Dashibodi ilikwisha. Ilikuwa na rangi ya maziwa, na ile shingo ya bata ilipinda mpaka mlangoni bila kiungo, na milango na viti vilifanana nayo kama ndugu wa tumbo moja. Jayanti alimpakia baba, wakapita mtaani kwetu wakiunguruma ili mama aone. Mama alikuwa na kazi jikoni. Watoto wa shule waliniita Mtoto wa Kioo, na nikipita walijikuna wote pamoja, kwa mpangilio mzuri kuliko ile kwaya. Miaka ikapita, akina Jayanti wakaondoka na wenzao wote siku zile Wahindi walipofukuzwa nchini, na gari sikulisikia tena. Baba alirudi kwenye viti vya kushona. Akiwa karibu kufa aliniuliza kama nakumbuka lile gamba lilivyotoka kwenye udongo. Nilimwambia nakumbuka.

Siku hizi ninauza mitumba Busia, huku na ng'ambo, na kila kola najipitishia shingoni kwanza. Wanunuzi wananiona mwangalifu. Kila mtu sasa ana nguo ya kioo na hakuna anayecheka. Matangi, mitumbwi ya injini, bampa za mabasi: "faiba," wanasema, kama wanavyosema chumvi. Juzi nilikuwa Tororo kwenye yadi ya vyuma chakavu kutafuta mabomba ya kibanda changu, na chini ya milango iliyooza nikaona shingo ya bata. Bati lote lililoishikilia lilikuwa limekwisha kuwa unga. Yenyewe ilikuwa nzima, imepauka tu, na mgongoni uji umetoka, nyuzi zimesimama kama ndevu.

"Hiyo plastiki, mama," kijana wa yadi akaniambia. "Lakini nzito. Bei yake iko juu."

"Si plastiki. Ni kioo."

Akawaita wenzake. "Njooni mumsikie mama! Eti kioo! Mama, mbona sioni uso wangu?" Wakacheka, na nilihisi moto uleule ukipanda shingoni, uzee wangu wote haukuuzuia. "Ni kioo," nikasema tena, kwa sauti ya baba, "na baba yangu ndiye aliyeitengeneza." Wakacheka zaidi. Nikangoja wamalize, kisha nikamwambia, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mali na amesema ni plastiki, basi anipe kwa bei ya plastiki. Alinipa.

Nilisafiri nayo mapajani mbele ya pikapu mpaka Busia, kwa mama. Mkono wa kulia ulianza kuniwasha kabla hatujatoka mjini, halafu wa kushoto, na dereva akaniuliza mbona nimekaa kama niko mahakamani. Mama sasa haoni vizuri, lakini aliisikia harufu yangu mlangoni, au pengine alikisia kwamba ninawashwa kutokana na jinsi nilivyokaa: wima, mikono juu ya magoti, nikiangalia mbele. Alipapasa ile dashibodi kwa kidole kimoja, kuanzia mwanzo wa shingo mpaka mwisho wake, mahali baba alipotumia mgongo wa kijiko. "Aliilainisha vizuri," akasema. Kisha akaenda jikoni akipapasa ukuta, akarudi na tonge la ugali wa jana, akashika mkono wangu na kuanza kuliviringisha polepole kutoka kiwiko kwenda chini.

"Hilo gauni utalifulia wapi?" akauliza.

"Lina karai lake, mama."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akageuza mkono wangu, akaanza upande wa pili.